Maziwa ya Malka

Mwalimu hakunywa chai ya mtu kabla ya kuyapima maziwa yake. Alichovya kijiti cha kiberiti, akadondosha tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba, akauinamisha ukucha kidogo kuelekea kwenye mwanga. Tone likikaa, aliitikia kwa kichwa na kumimina. Likiteleza, alikisukuma kikombe mbele ya mwenye nyumba na kusema kwa upole wa kuudhi, "Haya yametiwa maji." Hakukosea hata mara moja. Nimemsikia akimwambia hivyo mke wa pasta, nimemsikia akimwambia muuza chai wa stendi ya Garsen, na siku moja alimwambia bibi harusi mbele ya wakwe zake.

Naanza na ukucha huo kwa sababu ndio ninaoukumbuka nikitaka kumchukia vizuri. Mtu huyu alitufundisha kwamba duniani hakuna ukweli, kuna masimulizi tu. Lakini maziwa aliyajua. Kwenye maziwa hakutaka simulizi la mtu.

Wanaomsifu wapo wengi, na sitawaziba midomo. Alisomesha nusu ya makarani wa Garsen. Waliopata kazi mbali humpigia simu sikukuu zikifika. Wao wana yao na mimi nina yangu. Nimekaa na kinyongo changu miaka mingi, nimekilisha, nimekinywesha, kimenona. Leo nakichinja, atakayetaka nyama na aje.

Alipoletwa kufundisha historia na Kiswahili kwenye sekondari ya upande wetu hakuwa na pa kulala, na Mama akampa chumba cha nje. Kwetu ni kijiji kidogo chini ya Idsowe, sitakitaja jina, wenyeji wake watajijua. Mama alikuwa Mpokomo, mkulima, mtu wa kanisa asiyekosa kwaya. Baba alikuwa Msomali, mtu wa ng'ombe. Alishuka na mifugo kiangazi kimoja, akamwona Mama akichota maji, na ng'ombe walipoondoka yeye akabaki. Alifariki nikiwa darasa la tatu. Kwa hiyo Mwalimu alipokuja, nyumba ilikuwa ya Mama na mimi tu, na yeye alikuwa mwanamume wa kwanza kukaa kwenye kiti cha Baba. Mama alimwekea kiti hicho kwa heshima. Alikikalia mpaka kikakatika mguu, kisha akahamia kwenye kiti cha Mama.

Nikumbuke na mazuri yake, maana kumchukia mtu kwa uongo ni kazi bure. Alikuwa hodari darasani. Watoto wa wafugaji walikuwa wakichekwa kila wakifungua mdomo, kwa sababu Kiswahili chao ni cha kujifunzia sokoni. Siku moja mvulana mmoja alisema, "Ng'ombe yetu nakunywa mtoni," na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaweka chaki chini. Akatuuliza ni nani aliyeamua kwamba Kiswahili cha Kipini, kule pwani, ndicho Kiswahili na cha huyu ni kichekesho. Nani alikaa wapi akapiga kura? Mimi, mtoto wa huku na wa kule, nilihisi mtu amenifungulia dirisha. Jioni ile nilimsimulia Mama kila neno.

Kesho yake alirudisha insha, na sentensi ya yule mvulana ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. "Kosa ni kosa," alituambia. Hakuona tatizo lolote. Ndivyo alivyokuwa. Aliibomoa nyumba asubuhi, na jioni akadai alale ndani yake.

Swali lake kubwa lilikuwa, "Unasema kama nani?" Ukinyoosha mkono kujibu, alikuuliza hivyo kwanza. Unasema kama msichana? Kama mkulima? Kama Mwislamu? Alisema kila neno lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana anachokitafuta. Mwanzoni swali hilo lilitunoa. Tulisoma habari za wakoloni tukauliza wameandika kama nani, tukaona mengi. Lakini kisu kikinolewa sana hukata na mkono wa mwenyewe. Ikafika mahali hakuna aliyejibu swali la historia bila kwanza kutazama kabila la jirani yake.

Kisha akaenda Nairobi kusoma shahada ya pili, akarudi na neno jipya, usasaleo. Alilitamka kama mtu aliyeonja halua. Usasaleo, alitueleza akiwa amejinyoosha barazani kwetu, ndiyo elimu inayosema kwamba wakati wa ukweli mmoja mkubwa umekwisha. Zilizobaki ni hadithi nyingi ndogo, kila jamii na yake, na hakuna iliyo juu ya mwenzake. Mama alikuwa akipepeta mchele. Akamuuliza, "Sasa Mwalimu, mtu akiiba kuku wangu, kuna hadithi ngapi?" Mwalimu akacheka, akamwita Mama mwanafalsafa.

Sasa nieleze habari ya malka, maana bila hiyo hamtaelewa nilichomfanyia.

Malka ni njia ya mifugo ya kushukia mtoni. Wakati wa kiangazi, ng'ombe hutoka mbali bara, na mashamba yetu yamepanga mstari ukingoni mwa Tana, kwa hiyo ni lazima kuachwe nafasi kati ya shamba na shamba ili wafike kwenye maji. Malka ikizibwa, ng'ombe hupita juu ya mahindi, na watu huanza kushika mapanga na mishale. Hayo yametupata, na makaburi yapo. Lakini mto wetu hauna adabu. Kila mafuriko hufuta vigingi, hujaza mitaro, hung'oa miti. Ndiyo maana wazee wa zamani, wakulima na wafugaji pamoja, hawakuweka alama ardhini. Waliiweka kwa watu. Kila kiangazi, wafugaji wakifika, kibuyu cha kwanza cha maziwa hupelekwa kwa mwenye shamba linalopakana na malka upande wa juu, na mwenye shamba hurudisha mkungu wa ndizi. Maziwa hayo ndiyo mpaka. Anayeletewa maziwa, shamba lake liko kando ya malka, haliko ndani yake, na hakuna ng'ombe anayemvukia.

Kwetu yalikuja kila mwaka. Mzee mmoja wa mifugo, mrefu, mwenye ndevu alizozipaka hina, aliyaleta mwenyewe. Yalikuwa na harufu ya moshi kwa sababu vibuyu hufukizwa. Upande wa juu wa malka lilikuwa shamba la Mama. Upande wa chini lilikuwa shamba la mtu niliyemjua kama Mwenyekiti, kwa sababu ndiye aliyeongoza kamati ya mashamba, na ardhi yetu haina hati. Kamati ikisema lako, ni lako. Na kamati ilikuwa Mwenyekiti.

Mwalimu aliyanywa maziwa hayo. Nasema hili polepole. Aliyanywa kwenye kiti cha Baba, mwaka baada ya mwaka, na kila mara alidondosha tone kwenye ukucha, likakaa kama shanga, naye akasema, "Haya ndiyo maziwa." Aliuliza kwa nini yanaletwa. Mama akamweleza mwanzo mpaka mwisho, naye akaandika, maana alipenda mambo ya mila.

Siasa zilipomwingia alihama kwetu, akapanga nyumba Garsen. Alitaka kiti cha mwakilishi wa wadi. Akavua suti, akaanza kuvaa shuka na kofia ya ukindu, akajiita Sauti ya Watu wa Mto. Sauti yenyewe ilikuwa haijui kupiga kasia. Siku ya kuzindua kampeni alitaka aonekane akifika kwa mtumbwi, wapambe wakiimba. Nilikuwa ukingoni. Alikuja ameshika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, na aliposimama kupunga mkono aliteleza akaangukia matopeni mpaka kiunoni. Vijana wakamnyanyua kwa shangwe. Alihutubia akiwa anachuruzika, akasema matope hayo ndiyo utambulisho wake. Walimpigia makofi, nami nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kicheko hicho nimekijutia baadaye.

Maana watu walibadilika, na nilishuhudia. Kabla yake, mikutano ya siasa kwetu ilikuwa ya kero. Zahanati haina dawa, barabara ya Tarasaa imekatika, pampu imekufa. Mgombea alibanwa mpaka jasho likamtoka. Mwalimu akawafundisha kwamba hizo si hoja kubwa. Hoja kubwa ni nani anasema kwa niaba ya nani. Vijana waliokuwa wakiuliza kiongozi amefanya nini wakaanza kuuliza kiongozi ni nani. Dawa za zahanati zilipopotea na mhudumu akaonekana akiziuza, Mwalimu alisimama sokoni akasema mhudumu ni wetu, na kwamba wizi ni neno linalotegemea anayelitamka. Wafugaji nao wakapata mtu wao wa kusema maneno yale yale kwa upande wao. Ukienda kwenye duka ukasema bei imepanda, unatazamwa kwanza usoni.

Mimi uso wangu ulikuwa haujibu. Pua ya Baba, rangi ya Mama.

Mwaka huo huo Mwenyekiti alipanda migomba ndani ya malka. Aliipanda wakati mifugo iko mbali, na iliporudi ilikuta migomba imesimama mstari mzuri. Ng'ombe hawasomi kamati. Walizunguka wakapita kwenye mahindi ya Mama. Mama akalalamika kwa chifu, Mwenyekiti akasema malka tangu zamani ilikuwa inapita kwenye shamba la Mama, na yule mama anasema uongo kwa sababu aliolewa na wafugaji na anataka kuwapa ardhi ya mto. Baraza likaitwa kwenye darasa la shule ya msingi. Wakulima wakakaa madawati ya kulia, wafugaji ya kushoto. Mimi na Mama tulisimama nyuma, karibu na mlango.

Chifu aliona njia rahisi. "Mwalimu," akasema, "wewe umekaa kwa huyu mama. Umesoma, kila mtu anakuheshimu. Tuambie, malka ilikuwa wapi?"

Mama alinishika mkono. Alikuwa anatabasamu. Alijua kwamba kesi imekwisha.

Mwalimu akafuta miwani. "Chifu, swali lako lina tatizo. Ukisema ilikuwa wapi, umeshachukulia kwamba kuna mahali pamoja. Mkulima ana malka yake katika kumbukumbu yake. Mfugaji ana yake. Kila jamii ina haki ya simulizi lake. Mimi ni nani nichague?"

Yule mzee wa hina akainuka, hasira zimempanda. "Mimi sielewi. Ng'ombe hii, maji hii, njia ni moja. Wewe nakunywa maziwa yetu pale kwa mama. Leo nasema njia iko mbili?"

Darasa likamcheka Kiswahili chake. Siku hiyo Mwalimu hakuuliza ni nani aliyepiga kura.

Nikapaza sauti kutoka mlangoni. "Malka ilipita kando, pale penye migomba. Mimi nimekunywa maziwa yake tangu nizaliwe."

Aligeuka. Akanipa lile tabasamu la darasani, la mwalimu anayemfurahia mwanafunzi. "Kabla hujaendelea," akasema, "unasema kama nani? Kama mtu wa mto, au kama mtu wa mifugo?"

Wa madawati ya kulia wakapiga kelele, "Huyo ni wao!" Nikatazama madawati ya kushoto. Vijana wa kule wakatazama dirishani. Mama akauachia mkono wangu, si kwa hasira, uliteleza tu. Wafugaji vijana wakasema wao wanataka njia, popote pale. Mwenyekiti akasema basi, kama hata msomi hajui, kamati itaamua. Kamati ikaamua. Malka ikapita katikati ya shamba la Mama. Sehemu ya juu iliyobaki ikawa haimfai, ng'ombe wanaikanyaga wakitoka na wakienda, na baada ya msimu mmoja tukahamia chumba cha kupanga Tarasaa.

Mama alipika mahamri pale Tarasaa mpaka kifua kikamshinda. Hakuacha kulima kwa mdomo. Mvua ikinyesha alisema, sasa mahindi yanataka palizi. Lakini kilichomuua, mimi nasema, si kifua. Ni kuitwa mwongo. Alikuwa mama wa kwaya, na wanawake wa kwaya walipomtembelea walizungumza habari nyingine zote. Siku za mwisho aliniuliza, "Kwani Mwalimu hakuyanywa yale maziwa?" Aliuliza kama mtu anayeanza kujitilia shaka mwenyewe. Nikamwambia aliyanywa, Mama, nilimwona. Tulimzika nikiwa sina machozi. Nilikuwa na jina la mtu kichwani.

Alikuja mazishini. Alizungumza vizuri sana. Alisema Mama alikuwa daraja kati ya masimulizi mawili.

Halafu nikasikia kwamba ile sehemu ya juu ya shamba letu analima yeye. Mwenyekiti alimpa kama shukrani, na kamati ikaizungushia ua. Na kiangazi cha kwanza alipokuwa nayo, yule mzee wa hina, mtu asiyejua kuweka chuki, alimpelekea kibuyu cha maziwa. Yeye sasa ndiye aliyekuwa kando ya malka, na mila ni mila. Mzee alimkuta na wapambe wake wamejaa uani. Mwalimu akakitazama kibuyu, akawatazama wapambe, akasema kwa sauti, "Sauti ya Watu wa Mto hainunuliwi kwa maziwa." Wakampigia makofi. Mzee akageuka na kibuyu chake. Kwetu maziwa ya malka hayarudishwi. Sijasikia mwingine aliyewahi kuyarudisha, wala hapakuwa na mtu uani pale wa kumwambia amejifanyia nini. Msomi wa mila, aliyeiandika mila yote kwenye kiti cha Baba.

Kura hakupata. Walimshinda kwa swali lake mwenyewe. Mpinzani wake alisimama Garsen akawauliza watu kama wanajua mama wa Mwalimu alitokea wapi, na kama mtoto wa mama kama huyo anaweza kusema kama mtu wa mto. Vijana aliowafundisha ndio waliopiga makelele zaidi. "Tiche, wewe ni wa wapi?" Alijaribu tena uchaguzi uliofuata, na wa tatu hakujaribu. Mungu si Athumani, nilisema nikisoma matokeo, lakini sikushiba. Kushindwa kura ni bahati mbaya ya kila mtu. Mimi nilitaka kitu chenye jina la Mama.

Nilikwisha kuhamia Garsen, nikafungua kibanda cha maziwa na chai kando ya barabara kuu. Maziwa naletewa na eedo, shangazi yangu wa upande wa Baba, mwanamke mkali asiyetia maji hata kwa kusingiziwa. Mwalimu alipita mbele ya kibanda hicho miaka mingi bila kuingia. Kisha asubuhi moja akaingia. Amekonda, shati limefuliwa mpaka kola imepauka. Akaagiza chai. Akachomoa kijiti, akadondosha tone kwenye ukucha.

"Safi," akasema.

Nikangoja.

"Mwanangu, Mwenyekiti alipokufa, wanawe walishika kamati. Wamepanda na pale mifugo ilipokuwa ikipita. Sasa wanasema malka ni pale kwangu. Wanasema mimi si mpaka, kwa sababu sikupokea maziwa. Nataka ukaseme kwa chifu."

"Niseme nini?"

"Malka ilikuwa wapi tangu zamani."

"Malka ipi, Mwalimu? Ya mkulima au ya mfugaji?"

Akatazama kikombe. "Usinitanie. Unajua ilikuwa wapi."

"Na wewe unajua?"

Dereva mmoja aliingia akataka maziwa ya chupa, nikampimia, akatoka. Nikauliza tena.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa nakaa kwenu."

Sufuria ilikuwa inachemka mbele yangu, na Mungu ananijua, mkono uliusogelea mpini. Nikapunguza moto. Nikamwambia nitakwenda, kwa sharti moja. Aseme yeye kwanza, kwa mdomo wake, kwenye darasa lile lile. Akaafiki haraka. Alifurahi mpaka akanishika bega. Mtu aliyezoea kuona pande zote za kila jambo hakuuona upande mmoja tu wa hili. Mimi niliuona pale pale, nikamwongezea maziwa kwenye chai.

Baraza lilijaa. Madawati yale yale, kulia na kushoto. Mwalimu aliposimama, vijana wa nyuma wakaanza, maana wamezaliwa ndani ya swali hilo na hawajui lilikotoka. "Tiche, unasema kama nani?"

Nilimwona akilitafuta jibu. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akanitazama mimi, mlangoni, pale pale tuliposimama na Mama.

"Nasema kama mtu aliyekunywa maziwa nyumbani kwa mama yake huyu," akasema. "Maziwa ya malka, kila kiangazi. Malka ilipita penye migomba ya Mwenyekiti. Haikupita kwingine."

Yule mzee wa hina, sasa anatembelea fimbo na ndevu zimepauka, alinyanyuka kwa shida. "Sasa umesema," akamwambia. "Ungesema zamani, mama nakufa kwa shamba yake."

Hakuna aliyecheka.

Chifu, kijana mpya ambaye hakuwepo ile mara ya kwanza, akaniuliza kama nina neno. Nikasema ninalo dogo. "Kama malka ilipita penye migomba, hapo juu yake pote palikuwa pa nani? Mwulizeni yeye."

Mwalimu akageuka kunitazama, na hapo ndipo alipouona ule upande. Nilikuwa nimeungoja uso huo tangu Tarasaa, tangu chumba kile chenye moshi wa mafuta. Sikuupunguzia hata kidogo. Nilimtazama mpaka akainamisha macho.

"Pa mama yake," akasema.

"Pote?" chifu akauliza.

"Pote."

"Pamoja na hapo unapolima wewe?"

Alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. "Pamoja na hapo."

Wana wa Mwenyekiti walinung'unika wiki nyingi, lakini migomba wameikata, kwa sababu wazee wa pande zote mbili walikwenda wakakaa pale mpaka ikakatwa. Shamba linalimwa na mimi. Kiangazi hiki kibuyu kililetwa kwangu, kikiwa na harufu ile ile ya moshi, nikarudisha mkungu wa ndizi. Mke wa pasta alikuja kibandani akaniambia kwa sauti, wateja wakisikia, kwamba mama yangu alikuwa mkweli. Nilimshukuru. Akaniomba nimsamehe Mwalimu, kwa sababu mwishowe alisema. Nikamjibu nitasamehe nikichoka, na sijachoka.

Maana Mwalimu anakuja kibandani kila asubuhi. Hana shamba, hana wapambe, na chai yangu ndiyo iliyo karibu na chumba chake. Wateja wote nawamiminia maziwa ya eedo kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Yake nayaweka kwenye jagi dogo la peke yake, nusu maziwa, nusu maji ya bomba.

Siku ya kwanza ya jagi hilo alichomoa kijiti, akadondosha tone kwenye ukucha. Liliteleza mara moja, likashuka mpaka kwenye kifundo cha kidole. Alilitazama. Kisha akanitazama mimi.

"Yakoje, Mwalimu?" nikamuuliza.

Akapangusa kidole kwenye suruali, akamimina yote kwenye chai.

"Mazuri," akasema, akanywa mpaka mwisho, nami nikachukua kikombe nikakiosha.